Dodoso Halimfikii Aliyebaki Nyumbani

Machi 2020, virusi vya korona vilipozidi kusambaa, watu walipata sababu mpya ya kukiogopa kiti cha daktari wa meno. Tarehe 16 mwezi huo Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kiliwataka wanachama wake waahirishe kazi zote zisizo za dharura kwa wiki tatu. Huko England huduma za kawaida za meno zilisimama kuanzia 25 Machi hadi 8 Juni. Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Drili ya meno huweza kuzunguka mara 400,000 kwa dakika huku ikipozwa kwa maji, na maji hayo, yakishachanganyika na mate na damu, hutoka kinywani kama ukungu. Mgonjwa naye hawezi kuvaa barakoa, maana panapofunikwa na barakoa ndipo penye kazi.

Miezi hiyohiyo watafiti wa nchi nyingi walianza kusambaza madodoso. Walitaka kujua mgonjwa anaelewa nini kuhusu ugonjwa, anauonaje usalama wa kliniki, na anafanya nini kujikinga. Njia yenyewe ni ya zamani. Tafiti za uzazi wa mpango ziliitumia tangu miaka ya 1950. Ukiliona dodoso mezani utadhani ni kazi ya mchana mmoja.

Sivyo. Anza na maarifa. Mgonjwa anapewa kauli kumi, kila moja aijibu "kweli" au "si kweli". Asiyejua chochote, akibahatisha zote, kwa wastani atapata tano. Kwa hiyo dodoso lililotungwa vizuri huweka nafasi ya "sijui", na jibu hilo humfaa mtafiti kuliko tano za bahati nasibu.

Taabu kubwa zaidi ni kwamba wakati wa mlipuko jibu sahihi lenyewe huhama. Mwanzoni mwa 2020 Shirika la Afya Duniani halikuwa likishauri kila mtu mwenye afya avae barakoa hadharani. Tarehe 5 Juni lilibadili mwongozo, likashauri zivaliwe mahali penye maambukizi mengi ambapo watu hawawezi kukaa mbalimbali. Mgonjwa aliyeandika mwezi Machi kwamba barakoa si ya kila mtu alikuwa ameisikiliza redio vizuri tu. Akiandika hivyohivyo Julai anapata sifuri. Watafiti hupenda kuwauliza watu walewale tena baada ya wiki mbili ili waone kama dodoso linatoa majibu thabiti. Katikati ya mlipuko, wiki mbili zinatosha kabisa kwa serikali kutangaza masharti mapya, na hapo huwezi kujua kilichoyumba ni dodoso au ni dunia.

Mtazamo hupimwa kwa ngazi aliyoibuni Mmarekani Rensis Likert mwaka 1932: "nakubali kabisa" mpaka "sikubali kabisa". Hapa adabu huingilia kati. Mtu aliyepewa karatasi na muuguzi, dakika chache kabla ya kung'olewa jino, ataandikaje kwamba haamini kama vifaa vimetakaswa? Wengine hukubali kila kauli ili wamalize haraka, na ndiyo maana watunzi makini huchanganya kauli za kusifu na za kulaumu.

Kuna pia hofu iliyokuwapo kabla ya virusi vyovyote, hofu ya sindano ya ganzi na mlio wa drili. Hofu hiyo ina kipimo chake cha mwaka 1995, chenye maswali matano na alama kuanzia 5 hadi 25. Anayefikisha 19 huhesabiwa kuwa na hofu kali. Mtafiti akikiacha kipimo hicho ataisingizia korona woga ambao mgonjwa amekuwa nao tangu utotoni.

Lakini kwangu kasoro inayozidi zote ni ya nani aliulizwa. Ukigawa madodoso kwenye benchi la kliniki, unawapata waliothubutu kuja. Ukiyatuma kwa WhatsApp, unawapata wenye simu janja na bando. Yule aliyejifungia nyumbani na shavu limevimba usaha, akitafuna vidonge vya kutuliza maumivu, hayumo kokote, na ndiye hasa utafiti ulimhitaji. Matokeo yakisema wagonjwa wengi wana imani na kliniki, uliza kwanza wamehesabiwa wapi.

Tena tusidhani elimu pekee itamrudisha kliniki huyo aliyebaki nyumbani. Mwaka 1990 Marekani ilitangaza kisa cha mgonjwa ambaye huenda aliambukizwa VVU na daktari wake wa meno huko Florida. Hatimaye wagonjwa sita wa daktari huyo walihusishwa na kirusi chake, na njia ya maambukizi haikupata kuthibitishwa. Uchunguzi wa wagonjwa zaidi ya 20,000 wa wahudumu wengine wenye VVU haukuonyesha maambukizi ya namna hiyo. Hata hivyo kisa kimoja kilitikisa imani ya watu kuliko takwimu hizo zote zilivyoweza kuituliza. Na anayeujua vizuri ule ukungu wa drili anaweza kuwa na sababu nyingi zaidi za kukaa mbali.

Mlipuko ujao ukifika, kliniki zifungue daftari la miadi sambamba na dodoso, na wale waliokosa kuja wapigiwe simu, waulizwe kwa nini.