Kompyuta Ikiamka na Saa Isiyo Sahihi



Sharika nyingi sasa huandika hesabu na taarifa za miradi kwenye kompyuta mpakato. Jioni hufunikwa bila kuzimwa, na asubuhi ikifunuliwa saa yake huweza kuwa nyuma. Wengi huona ni jambo dogo. Lakini tarehe ya faili ndiyo huonyesha ipi ni taarifa ya mwisho. Saa ikikosea, anayenakili kwa flashi anaweza kubakiza hesabu za zamani na kufuta mpya, na stakabadhi yenye mwaka usio wake huleta maswali kwa mkaguzi na kwa mfadhili. Tovuti ya benki nayo huweza kukataa kufunguka, kwani cheti chake cha usalama kina tarehe ya kuanza na ya kuisha.

Ndani ya kompyuta mna saa mbili. Moja huendeshwa na programu na husimama kompyuta inapolala. Nyingine ni kifaa kidogo chenye kipande cha kwazi kinachotikisika mara 32,768 kwa sekunde, nacho hakilali. Kompyuta ikiamka, programu huiuliza saa hii ya pili. Ikiwa ulizaji huo umeshindikana, saa hubaki nyuma kwa muda uleule kompyuta iliolala. Kuizima kabisa na kuiwasha tena mara nyingi hutosha.

Tarehe ikirudi nyuma miaka mingi, tazameni betri. Kompyuta nyingi zina betri ndogo ya volti 3 yenye umbo la sarafu (nyingine hutegemea betri kubwa tu). Ile ndogo ikichakaa, na umeme ukakatika hadi betri kubwa ikaisha, kumbukumbu ya saa hupotea. Hiyo ni kazi ya fundi.

Hapa Mpemba tuna tatizo letu wenyewe. Tanzania iko saa 3 mbele ya saa ya dunia, Zambia saa 2, na Nakonde iko ng'ambo tu ya Tunduma. Kompyuta iliyoachiwa ijichagulie majira, ikiunganishwa na intaneti ya simu yenye laini ya Zambia, huweza kujiona iko Zambia na kurudi nyuma saa 1 kamili. Simu nayo hunasa mnara wa ng'ambo, kwa hiyo msisahihishe kompyuta kwa kutazama simu peke yake. Sikilizeni saa ya redio ya taifa. Dawa yake, kwa wenye Windows, ni kufungua mipangilio ya tarehe na saa, kuzima uchaguzi wa majira wa kujiendesha, na kuchagua majira ya Nairobi, ambayo ndiyo yetu. Kisha iamuruni kompyuta ilinganishe saa yake na mtandao. Msisogeze saa kwa mkono na kuacha majira ya Zambia: ikilinganishwa tena na mtandao, kosa litarudi.

(Kompyuta ikiandika 9:00 nasi tukasema saa 3 asubuhi, hakuna kosa.)

Faili zilizokwisha kuhifadhiwa kwa tarehe mbaya hazijirekebishi. Katibu azifungue moja moja, ahakikishe yaliyomo, kisha aandike tarehe ya kweli kwenye jina la faili kabla ya kunakili chochote.