Bonde la Blackwater: Wanaponyatia salmoni, ndiko zilikozaliwa mbio za Wakenya

Kuanzia Los Angeles 1984 hadi Rio 2016, dhahabu ya Olimpiki ya wanaume mita 3,000 kuruka viunzi na maji haikutoka Kenya hata mara moja. Ukitaka kujua asili ya mbio hizo, usiende uwanjani. Nenda shamba, kusini mwa Ireland, bonde la Mto Blackwater.

Unaambiwa mwaka 1752 jamaa wawili, Cornelius O'Callaghan na Edmund Blake, waliwekeana dau la kukimbiza farasi kutoka kanisa la Buttevant hadi la Doneraile, kama kilomita saba hivi. Wakakata mashamba, wakaruka kuta na mitaro, macho kwenye mnara wa kanisa. Binadamu wakaja kuiga baadaye kwa miguu yao. Vijiji hivyo viko kwenye Awbeg, mto mdogo unaomwaga maji Blackwater.

Lakini wageni wengi hufuata salmoni. Samaki huyu anazaliwa mtoni, anakwenda kukulia Atlantiki, kisha anarudi mto uleule kuzaa. Mvuvi anamsubiri njiani na nzi bandia wa manyoya. Utamu uko hapa: salmoni akishaingia mtoni, hali. Humdanganyi kwa njaa, unamchokoza mpaka akasirike. Ndiyo maana mtu anasimama majini wiki nzima, anaondoka mikono mitupu, na mwakani anarudi kwa nauli yake. Kama mashabiki wa timu fulani tunazozijua.

Usijitose kienyeji, lakini. Msimu ni Februari 1 hadi Septemba 30, leseni ya salmoni lazima, na kila unayeondoka naye anafungwa lebo na kuandikwa daftarini. Salmoni wamepungua sana, na ndiyo sababu Ireland ilipiga marufuku nyavu za kuelea baharini kuanzia 2007.

Ukichoka kulowa, simama Lismore. Kasri lililoanzishwa na Prince John 1185 limekaa juu ya mto kabisa. Robert Boyle, yule wa kanuni ya gesi uliyoikariri sekondari, alizaliwa humo 1627. Mwaka 1814 mafundi wa ukarabati walikuta fimbo ya askofu na kitabu cha kale cha Kiayalandi, vimefichwa ukutani. Ni makazi ya watu, hivyo mgeni wa kawaida huishia bustanini. Inatosha, bustani yenyewe siyo mchezo.

Kinachouma ni cha Agosti 2025. Eneo la Mallow, maelfu ya samaki, wengi trauti, walikutwa wamekufa. Wataalamu walisema kuna kitu kiliwaunguza kwanza, ukungu ukafuata. Kilitoka wapi? Uchunguzi ulishindwa kuonyesha chanzo. Huo ni mto ambao mvuvi asipomfunga lebo salmoni mmoja tu anakuwa amevunja sheria.