Fahamu: Kiwanda cha Bombay kilichounda manowari ya Sayyid Said

Mwaka 1736 fundi Mparsi, Lowjee Nusserwanjee Wadia, alitoka Surat kwenda kuunda meli Bombay, na uzao wake ukashika kazi hiyo kwa zaidi ya karne moja. Chelezo cha kwanza kilikamilika 1750.

Siri ya meli zao ilikuwa mbao. Waingereza walitumia mwaloni, ambao asidi yake hula misumari ya chuma. Msaji wa Malabar una mafuta yanayoilinda misumari hiyo na kuwachelewesha viumbe watoboao mbao baharini. Kazi ilipoanza, Waparsi walipigilia, kwa desturi yao, msumari wa fedha kwenye mkuku. Frigeti Trincomalee, iliyoundwa kiwandani hapo na kushushwa majini 1817, ingali inaelea Hartlepool, Uingereza. Hakuna sifa ya fundi inayoishinda hiyo.

Nasi wa Afrika Mashariki tumo katika historia hiyo. Mwaka 1826 kiwanda kilimshushia Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, manowari Liverpool yenye mizinga zaidi ya 70. Mwaka 1836 alimzawadia Mfalme William IV wa Uingereza manowari hiyo, naye akarudishiwa jahazi la kifalme, Prince Regent. Liverpool ikaitwa Imaum.

Leo mahali pa kiwanda hicho panahudumia meli za Jeshi la Wanamaji la India.