Usonji Baada ya Shule: Kokwet na Vijana wa Kapkatet

Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo ambayo mtu huwa nayo maisha yake yote, na ambayo huathiri namna anavyowasiliana, anavyohusiana na wenzake na anavyopokea sauti, mwanga na mguso. Si laana ya ukoo, wala si matokeo ya malezi mabaya. Maelezo yake mashuhuri ya kitaalamu, yaliyochapishwa na daktari Leo Kanner nchini Marekani mwaka 1943, yalihusu watoto 11, na tangu wakati huo mazungumzo mengi kuhusu usonji yamebaki kwa mtoto, ilhali mtoto hukua na kuwa mtu mzima. Katika mji wa Kapkatet, kaunti ya Kericho, ambako maisha ya familia nyingi yanategemea chai, swali zito ni kijana huyo atafanya nini, na pamoja na nani, akishamaliza shule.

Kenya imepiga hatua katika elimu. Mwaka 2003 wazazi waliunda Chama cha Usonji cha Kenya, na darasa maalumu likaanzishwa katika Shule ya Msingi ya City, Nairobi. Baadaye mtaala wa umilisi ukaweka njia ya wanafunzi wasioweza kufuata masomo ya kawaida, inayopitia hatua ya msingi, ya kati, ya maandalizi ya ufundi na ya ufundi wenyewe. Hata hivyo, stadi iliyofundishwa darasani hufifia isipopata mahali pa kutumika, na kijana anayerudi nyumbani kukaa bure hupoteza polepole alichojifunza, huku mzigo wa kumtunza ukimwelemea mama yake peke yake.

Jamii ya Wakipsigis, wenyeji wa eneo hili, ina msingi wa kulijibu swali la kijana atafanya nini baada ya shule. Kokwet, yaani ujirani wa maboma kadhaa ambao kwa desturi husuluhisha migogoro na kushirikiana katika kazi, unaweza kumpa kijana nafasi ya kufanya jambo ambalo majirani wanalihitaji. Walimu wa elimu maalumu hutumia uchanganuzi wa kazi, ambao ni utaratibu wa kuigawa kazi moja katika hatua ndogo zinazofundishwa moja baada ya nyingine, nao huusaidia kwa ratiba ya picha, yaani michoro iliyopangwa kwa mfuatano ili kijana ajue kinachofuata bila kungoja kuambiwa. Kazi za Kapkatet zinaukubali utaratibu huo: kuchuma majani mawili na chipukizi, kuyabeba hadi kituo cha kununulia na kuyapima kabla lori la kiwanda halijafika, kujaza udongo katika mifuko ya kitalu cha miche, au kusafisha kibuyu cha mursik, yaani maziwa ya mgando, na kukisugua ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet. Anayeumizwa na kelele za lori atafaa zaidi kitaluni, na asiyestahimili majani yenye umande apewe kazi nyingine, kwa kuwa watu wenye usonji hawafanani: wapo wanaozungumza kwa ufasaha na wapo wasiotamka neno.

Michezo nayo ina nafasi yake katika eneo la Kericho na Bomet, ambalo limelea wanariadha wengi. Olimpiki Maalumu, mashindano yaliyoanza Chicago mwaka 1968 kwa ajili ya watu wenye ulemavu wa akili, yameenea hadi Kenya, na baadhi ya vijana wenye usonji ambao pia wana ulemavu huo hushiriki. Mazoezi ya pamoja yenye saa maalumu, njia ileile na mkufunzi yuleyule humzoesha kijana kuwa miongoni mwa watu kwa kiwango anachokimudu. Kujiamini hakuji kwa kusifiwa tu. Hukua pale wengine wanapomtegemea mtu na yeye akaona kwamba hakuwaangusha.

Ushiriki huo ni haki. Kifungu cha 54 cha Katiba ya mwaka 2010 kinamhakikishia mtu mwenye ulemavu heshima na utu, na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu husajili wanaostahili baada ya tathmini ya kitabibu. Kwa hiyo kijana anayechuma chai alipwe kwa kilo kama mchumaji mwingine yeyote, kwa maana kazi isiyolipwa ikipewa jina la mafunzo kwa miaka mingi huwa ni unyonyaji. Wazee wa kokwet, viongozi wa makanisa, wasimamizi wa vituo vya chai na walimu hawana haja ya kungoja jengo jipya lifunguliwe: wakutane na wazazi, wamuulize kila kijana, kwa maneno au kwa picha, anachopenda kufanya, kisha wamteulie jirani mmoja wa kumfundisha kazi hiyo hatua kwa hatua hadi aimudu.