Hesabu Madumu, Usihesabu Vichwa

Hakuna jamaa katika uwanda wa Ruzizi isiyojua kupanga mstari. Twapanga mstari penye robine, twapanga mstari mlangoni mwa zahanati, twapanga mstari mbele ya mashine ya kusaga mihogo, na Jumamosi iliyo kabla ya Pasaka twapanga mstari tena ili tuungame. Na kila palipo na mistari miwili au mitatu, moyo wa mtu huuliza swali lile lile: Nisimame wapi, nipate kutoka upesi?

Huenda mtu akasema kwamba jambo hili ni dogo mno, halistahili wino wa gazeti. Mtu huyo na ashuke kutoka Bukavu kwa njia ya milima ya Ngomo, apite Kamanyola, aifuate barabara ya taifa nambari 5 kwenda kusini, mto Ruzizi ukiwa upande wake wa kushoto na milima upande wa kulia, mpaka afike Luvungi. Na asimame karibu na robine asubuhi, kabla jua halijaanza kuuchoma uwanda. Pale ataona mama na binti yake wamefika na dumu moja la lita 20, na mbele yao kuna robine zaidi ya moja, kila moja na mstari wake.

“Mama, kule wako watu wanne tu, na huku wako tisa,” asema binti, ambaye kengele ya shule haitamngoja. “Twende kule!”

“Tulia, mwanangu. Usitazame juu, tazama chini. Wale wanne wana madumu mangapi?”

Binti ahesabu. “Ishirini, mama. Kila mmoja ameleta matano.”

“Na hawa tisa?”

“Kila mmoja ana moja.”

“Basi simama hapa nyuma ya tisa.”

Tumchukue mama huyu awe mwalimu wetu wa hesabu. Mashirika ya misaada yana vipimo vyao vijulikanavyo kwa jina la Sphere, navyo hukadiria kwamba robine nzuri hutoa lita 7 na nusu kwa dakika. Kwa hiyo dumu la lita 20 hujaa kwa dakika 2 na sekunde 40. Wale tisa wenye dumu moja moja wanahitaji lita 180, yaani dakika 24. Wale wanne wenye madumu ishirini wanahitaji lita 400, yaani dakika 53 na zaidi. Binti alihesabu vichwa, mama akahesabu maji. Ni kweli kwamba kila mtu huongeza kidogo cha kwake: kufunga kifuniko, kujitwika, kumaliza salamu na jirani, na mstari wa watu wengi una salamu nyingi. Lakini salamu tisa hazifiki nusu saa, isipokuwa pengine siku inayofuata arusi.

Mama mwenye busara hutazama na jambo la pili: nguvu ya maji yenyewe. Robine iliyochakaa, itoayo nusu tu ya maji, huzigeuza zile dakika 24 kuwa 48. Mgeni hajui habari hiyo, mwenyeji anaijua. Ndiyo sababu ukiukuta mstari mfupi na watu wote wa mahali wameukwepa, jiulize kwanza kwa nini. Mstari mfupi mara nyingi una sababu yake. Hata kanisani mambo ni hayo hayo: padre mwenye mstari mfupi wa maungamo huenda si mwepesi kuliko mwenzake, bali ana maswali mengi, na waamini wanamjua. (Mapadre watanisamehe, nimesimama katika mistari yote miwili.)

Sasa, dakika hizi zina uzito gani? Vipimo vile vile vya Sphere vimeweka kwamba robine moja isihudumie zaidi ya watu 250, na kwamba mtu asingoje maji zaidi ya dakika 30. Hawakuweka hivyo ili watu wastarehe. Mama akichoka kungoja, mto uko karibu, na mifereji ya mashamba iko karibu zaidi. Atateka huko. Na katika nchi yetu, kutoka Uvira mpaka uwandani, kipindupindu ni adui tunayemjua kwa jina, anayeweza kumkausha mtu mzima na kumwua kwa muda wa saa chache asipotibiwa. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2015, wa habari za Uvira tangu 2009 hata 2014, ulionyesha kwamba maji ya robine yakikatika, siku zinazofuata wagonjwa waliodhaniwa kuwa na kipindupindu huongezeka sana katika kituo cha matibabu. Hapo yalikatika maji yenyewe, si mstari uliorefuka. Lakini kwa mama aliyekata tamaa saa mbili asubuhi na kurudi nyumbani na dumu tupu, tofauti iko wapi?

Liko na neno jingine, nalo ni la imani potofu. Mara ngapi tumemsikia mtu akisema, “Mimi nina mkosi, kila mstari ninaoingia husimama”? Na wengine huendelea mbali zaidi, wakamtafuta jirani aliyewaroga. Ndugu zangu, hapa hapana uchawi, pana hesabu. Ikiwa robine ni tatu, nawe huna habari yo yote ya kukuongoza, bahati ya kuupata mstari ulio mwepesi kuliko yote ni moja kwa tatu tu. Mara mbili kwa tatu, mstari wa mwenzako utakwenda mbele yako, nawe utauona kwa macho yako. Tena mstari mzito huwashika watu muda mrefu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya saa zetu za kungoja twazitumia ndani ya ule mzito, na ule mwepesi twausahau kwa kuwa tuliupita upesi.

Mtu wa kwanza kuyachungua mambo haya kwa hesabu kamili alikuwa Agner Krarup Erlang, Mdenmarki aliyezaliwa mwaka 1878 na kufa mwaka 1929. Alikuwa mtumishi wa kampuni ya simu ya Copenhagen, na mwaka 1909 alitoa maandishi yake juu ya watu wanaopiga simu wote kwa pamoja huku nyuzi ni chache. Elimu iliyotoka humo leo hutumika katika benki na viwanja vya ndege, nayo ina shauri moja jepesi: badala ya mistari mitatu kwa robine tatu, uwe mmoja tu, na aliye mbele aende kwenye robine ya kwanza iliyo wazi. Maji hayaongezeki hata tone. Lakini hakuna robine itakayokaa bure wakati mwingine anangoja, hakuna aliyekuja nyuma atakayemtangulia aliyekuja mbele, na ile robine mbovu hailemei watu wachache peke yao. Na kwa kuwa kwetu madumu hupangwa chini yashike zamu huku wenyewe wakikaa kivulini, kazi ni kuyapanga safu moja badala ya tatu. Ugumu wake ni wa macho: safu moja ndefu hutisha kuliko tatu fupi, na wazee watanung'unika siku ya kwanza.

Wenye bustani kubwa za michezo ng'ambo wameshika njia nyingine. Katika Disneyland ya California, iliyofunguliwa mwaka 1955, wageni hungoja muda mrefu ili wapande vigari vya kuchezea. Mwaka 1999 wenyewe walianza kutoa tiketi za bure zilizomwezesha mtu kurudi saa fulani na kupita kwa upesi. Tangu mwaka 2021 upesi huo hununuliwa kwa fedha. Kwa mchezo, na wanunue. Ila na huku kwetu wako wanaompa mlinzi wa robine kitu kidogo ili dumu lao liruke safu, na hapo kinachouzwa ni zamu ya mama mwingine, ambaye mtoto wake ana kiu vile vile. Anayestahili kupita mbele twamjua sote bila kuuliza bei: mwenye mgonjwa nyumbani, mama mja mzito, mzee asiyeweza kusimama.

Yule binti wa Luvungi hakuridhika mara moja. Alisimama nyuma ya watu tisa, akautazama kwa husuda mstari wa wanne. Dumu lao lilipofikia maji, yule wa pili katika mstari mfupi alikuwa bado anajaza dumu lake la tano.