Idadi ya wafungwa ikishuka, tuielewe vipi?

Msikilizaji wetu, msamaha wa Rais ukitangazwa siku ya Uhuru au ya Muungano, wengi hudhani magereza yanabaki matupu na uhalifu umepungua. Leo tuipitie hesabu hiyo pole pole, kwani inawagusa pia ndugu zetu wa mialoni na vijijini.

Tuanze hapa Mwanza. Desemba 9, 2019, kwenye uwanja wa CCM Kirumba, Rais John Magufuli alitangaza msamaha kwa wafungwa 5,533. Siku hiyo alitaja pia idadi ya watu waliokuwa magerezani nchi nzima: 35,803. Kati yao, wafungwa waliokwisha kuhukumiwa walikuwa 17,547. Mahabusu, yaani wanaosubiri kesi zao ziishe, walikuwa 18,256.

Hapo tunajifunza mambo mawili. Kwanza, waliosamehewa ni karibu theluthi ya wafungwa wote. Kwa hiyo hesabu ya wafungwa inaweza kushuka sana kwa tangazo moja, bila wizi wala ugomvi kupungua mitaani.

Pili, zaidi ya nusu ya waliokuwa ndani hawakuwa wamehukumiwa. Ibara ya 45 ya Katiba inampa Rais uwezo wa kumsamehe mtu aliyetiwa hatiani na mahakama. Mahabusu bado hajatiwa hatiani, kwa hiyo msamaha huo haumfikii. Yeye anasubiri dhamana, hukumu, au kesi yake kufutwa.

Tena, si kila anayesamehewa hutoka siku hiyo hiyo. Aprili 26, 2021, Rais Samia Suluhu Hassan aliwasamehe wafungwa 5,001. Walioachiwa huru siku hiyo walikuwa 1,516. Wengine 3,485 walipunguziwa vifungo, wakaendelea kutumikia muda uliobaki.

Mbali na msamaha, mfungwa mwenye tabia njema hupunguziwa theluthi ya kifungo. Aliyefungwa miaka 2, yaani miezi 24, hupunguziwa miezi 8 na kutumikia 16. Upo pia utaratibu wa parole kwa baadhi ya wenye vifungo virefu, ambao humalizia adhabu nje ya gereza kwa masharti.

Hiyo ni milango ya kutokea. Lakini pipa halipungui maji ikiwa bomba la kuingiza halijafungwa. Chukua mfano wa kijana aliyekamatwa na kokoro ziwani. Mahakama inampa faini au kifungo. Familia haina fedha, anaingia gerezani. Akitoka, mwingine wa aina yake ameshaingia.

Kwa watu kama hawa ipo Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002. Mtu anayestahili kifungo kisichozidi miaka 3 anaweza, akikubali mwenyewe na mahakama ikiridhika, kutumikia adhabu nje: kufagia zahanati, kupanda miti, kusafisha shule. Anafanya kazi hiyo bila malipo kwa saa chache, kisha anarudi nyumbani kutafuta riziki ya watoto wake.

Kabla ya uamuzi, afisa wa huduma za uangalizi huchunguza maisha ya mshtakiwa na kuipa mahakama taarifa. Huuliza familia, majirani na viongozi wa kijiji. Akifika kwenu, msimkimbie kwa kudhani ni mpelelezi. Semeni ukweli wote, kwa sababu maneno yenu yana uzito.

Na ndugu yako akikamatwa, kumbuka: polisi wanatakiwa kumfikisha mahakamani ndani ya saa 24 kama hawajampa dhamana. Kwa makosa yenye dhamana, dhamana ya polisi hailipiwi. Andaa mdhamini mwenye kitambulisho na barua ya serikali ya kijiji au mtaa, uende mapema. Kila anayepata dhamana anayostahili ni mahabusu mmoja pungufu, naye atasubiri kesi yake akiwa kwao.