Kumfuta Clementine

Joel anaingia kliniki na mifuko iliyojaa vitu vya Clementine. Anavalishwa chombo kichwani, kisha anaonyeshwa kitu kimoja kimoja. Hatakiwi kueleza chochote. Kazi yake ni kutazama tu, moyo umdunde, na mashine ichore ramani ya mahali kumbukumbu ya Clementine ilipokaa ndani ya ubongo. Usiku, akiwa amelala nyumbani kwake, mafundi watakuja kuifuata ramani hiyo na kufuta.

Ndiyo filamu ya Eternal Sunshine of the Spotless Mind, iliyotoka mwaka 2004 na kuongozwa na Mfaransa Michel Gondry. Jim Carrey ndiye Joel na Kate Winslet ndiye Clementine, wapenzi walioachana, na kila mmoja ameamua kumwondoa mwenzake kichwani. Inachekesha na inaumiza, na waandishi wa hadithi yake walipata tuzo ya Oscar. Mimi kila nikiitazama huganda kwenye ile mifuko. Kwa nini jambo lazima likumbukwe kwanza ndipo lifutwe?

Mwaka 2000, Karim Nader, Glenn Schafe na Joseph LeDoux wa Chuo Kikuu cha New York waliwafundisha panya kuogopa mlio fulani kwa kuuambatanisha na shoti ya umeme. Wakati huo wanasayansi wengi waliamini kwamba kumbukumbu ikishakomaa ni kama tofali lililochomwa. Watatu hao wakawasikilizisha panya mlio uleule tena, kisha wakawadunga dawa inayozuia ubongo kutengeneza protini. Waliidunga ndani ya amigdala, sehemu inayoshughulika na hofu. Panya walipousikia mlio siku iliyofuata, woga ulikuwa umepungua sana. Wale waliopewa dawa hiyohiyo bila kukumbushwa mlio waliendelea kukakamaa kwa woga kama zamani.

Kumbe tofali likiguswa linaweza kurudi kuwa udongo mbichi kwa saa chache, na bila protini mpya halikauki tena vizuri. Mifuko ya Joel ilikuwa na sababu.

Kwa binadamu, Merel Kindt na wenzake mjini Amsterdam walichapisha jaribio lao mwaka 2009. Watu waliofundishwa kuogopa picha ya buibui walipewa propranololi, dawa ya presha, kisha wakaonyeshwa picha ile. Kesho yake miili yao haikushtuka tena, ingawa walijua vizuri kwamba picha hiyo ndiyo iliyoleta shoti. Tukio lilibaki, kilichoondoka ni hofu. Watafiti wengine waliorudia majaribio ya aina hii hawakupata matokeo hayo kila mara, kwa hiyo aliyeachwa na mpenzi asikimbilie duka la dawa. Propranololi hupunguza kasi ya moyo, na kwa mwenye pumu inaweza kuwa hatari.

Filamu inaonyesha pia upande wa pili wa jambo hilo. Mary, msichana wa mapokezi, anampenda daktari wa kliniki, kumbe alishawahi kumpenda na kumbukumbu hiyo ikafutwa. Kisa kimeondoka, mvuto umebaki. Mwaka 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa waliwaonyesha vipande vya sinema za huzuni wagonjwa 5 ambao hipokampasi yao, sehemu inayohifadhi matukio, ilikuwa imeharibika. Muda mfupi baadaye hawakukumbuka walichokiona, lakini huzuni ilikuwa bado imewakaa.

Usingizini, Joel anapitishwa kutoka ugomvi wa mwisho kurudi nyuma, na kadiri anavyorudi ndivyo Clementine anavyozidi kuwa mtamu. Anaanza kuwasihi mafundi wasiomsikia waache. Kisha anamshika Clementine mkono na kukimbia naye hadi mahali ambapo ramani yao haifiki: jikoni kwa mama yake, Joel akiwa mtoto chini ya meza, Clementine amesimama pale miaka mingi kabla hawajakutana.